Mgeni Njoo, Mwenyeji Alipe

Ukishuka daladala pale Mapinga, kwenye maduka ya mabati na saruji kando ya Barabara ya Bagamoyo, hufiki mbali kabla hujaitwa. Anayekuita kakaa chini ya mwavuli wenye rangi za mtandao wake. Mbele yake kuna kimeza, kifaa cha kusoma alama za vidole, laini zilizopangwa zikiwa bado kwenye kadi zake na, siku hizi, rauta moja ya maonyesho. "Kaka, una laini yetu?" Ukisema unayo, anakutakia siku njema na kumgeukia anayekuja nyuma yako. Ukisema huna, unavutiwa kiti: laini bure, GB za kuanzia, rauta kwa bei ya kutupa, mwezi wa kwanza hulipi.

Sasa mfikirie yule aliyesema anayo. Amelipa kila mwezi bila kukosa, hajawahi kupiga simu ya malalamiko, na gharama ya kumpata ilishalipwa zamani. Kwa hesabu za kawaida za biashara huyo ndiye angestahili kiti. Kwa nini basi ofa nzuri haimfikii, na ni nani hasa anayeilipia ofa ya mgeni?

Mapinga ni mahali pazuri pa kuliuliza swali hili. Ni kata ya Wilaya ya Bagamoyo, unaingia tu ukishaiacha Bunju na mpaka wa Dar es Salaam, na kwa miaka ya karibuni imejaa watu waliofuata viwanja: wafanyakazi walioshindwa bei za Tegeta na Mbezi Beach, wastaafu, watu wanaojenga chumba baada ya chumba huku wameshahamia. Wamekuja na matumizi ya mjini. Kuna mtoto wa katuni za YouTube, dada anayeuza vitenge Instagram, mhasibu ambaye ofisi inamruhusu siku mbili za wiki afanyie kazi nyumbani. Lakini faiba iliyotandazwa Masaki na Mikocheni haikuwafuata kwa mwendo huo. Kwa sehemu kubwa wanategemea minara, na anayetegemea mnara ana uchaguzi mdogo kuliko mabango ya barabarani yanavyodai.

Wachumi walishaichambua tabia hii ya bei. Mwaka 1987 Paul Klemperer aliandika kuhusu masoko ambayo mteja akishaanza na muuzaji mmoja anaona tabu kuhamia kwa mwingine. Hoja yake, kwa ufupi, ni kwamba katika soko la namna hiyo kampuni huuza rahisi mwanzoni ili kunasa watu, halafu huvuna kwa walionaswa. Mwaka 2000 Drew Fudenberg na Jean Tirole wakaongeza kipande kilichobaki: kampuni zikishajua nani ni mteja wa nani, kila moja itampelekea mteja wa mwenzake bei nzuri na wa kwake itamwachia bei ya siku zote. Mvuvi wa Bagamoyo angewaelewa bila hesabu, kwani dema lake limesukwa hivyo hivyo, mdomo mpana wa kuingilia na njia ya kutokea isiyoonekana na aliye ndani.

Ninachokiona katika hoja zote mbili ni kwamba bei ya kuendelea haina uhusiano mkubwa na gharama ya kukuhudumia, wala na uaminifu wako. Inategemea ni kwa kiasi gani kampuni inaamini unaweza kuondoka. Mambo mengine yote katika suala hili, kuanzia alama za vidole hadi mnara wa Mapinga, yanarudi hapo.

Kuna pingamizi la haraka. Nadharia hizo ziliandikwa kwa nchi za mikataba, ambako mtu anasaini miezi kumi na minane na bili inamfuata nyumbani. Sisi tunalipa kabla. Mtu akiunga bando la saa 24, kesho muda huo huo mkataba wake umekwisha na yuko huru. Tuna uhuru wa kuondoka mara 365 kwa mwaka, kwa hiyo pengo kati ya mgeni na mwenyeji halipaswi kuwepo.

Kwenye simu ya mkononi pingamizi hilo lina ukweli mwingi, na sababu yake ni ya kihistoria. Kwa miaka mingi kupiga simu ndani ya mtandao kulikuwa rahisi na kupiga nje kulikuwa ghali, kwa kuwa mtandao mmoja uliulipa mwingine kwa kila dakika iliyovuka. Ndipo watu wakajifunza kutembea na laini mbili, tatu, na simu za laini mbili zikauzika kama maandazi ya asubuhi. Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilikuja kuishusha ada hiyo mwaka hadi mwaka, kutoka Sh 15.60 kwa dakika mwaka 2018 hadi Sh 2 mwaka 2022. Sababu ya kwanza ya kuwa na laini mbili ikafa, tabia ikabaki. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7, watoto wachanga wakiwemo, na kufikia 2025 laini zilizokuwa zikitumika zilizidi milioni 90. Kila laini ya pili iliyolala ndani ya simu ni tishio dogo kwa mtandao wa laini ya kwanza: bando likipanda hapa, kidole kinahamia pale.

Kampuni zinalijua hilo, na hazikukaa kimya. Bei iliyobandikwa ukutani, moja kwa wote, imeanza kuachia nafasi bei inayokuja kwenye simu yako peke yako. Vodacom wana menyu ya Ya Kwako Tu, ambayo orodha yake inatokana na matumizi ya mwenye laini, na mitandao mingine nayo ina ofa zake za aina hiyo. Wawili wanaweza kukaa benchi moja wakisubiri gari la Makumbusho, wakabonyeza namba zile zile, mmoja akaona GB nyingi kwa elfu moja na mwenzake akaona chache. Nani kapewa nyingi? Mara nyingi si yule anayeunga kila siku bila kukosa. Mtaani wanaapa kwamba laini ukiinyamazia wiki mbili hivi, bila kuunga chochote, SMS za ofa zinaanza kumiminika zenyewe. Sina takwimu za kampuni za kuthibitisha kila kisa, lakini wanachokisema mafundi simu wa stendi ndicho kile kile Fudenberg na Tirole walichokifikia kwa milinganyo: anayeonekana anaondoka anabembelezwa.

Tusiseme kwamba hili ni baya moja kwa moja. Mama lishe anayetumia Sh 500 kwa siku hupata kwa bei ya kubembelezwa kile ambacho kwa bei moja ya wote asingekinunua kabisa. Anayeumia ni mtu wa katikati mwenye matumizi yanayotabirika, anayejiunga yule yule, siku ile ile, kiasi kile kile, kwa sababu ana shughuli nyingine za kufanya maishani zaidi ya kuwinda MB.

Na silaha ya zamani ya mtu huyo imepungua makali. Kabla ya usajili kwa alama za vidole, wapo walionunua laini, wakala ofa ya kuanzia, wakaitupa na kununua nyingine. Mgeni wa kudumu. Usajili kwa kitambulisho cha NIDA, ambao mwisho wake uliwekwa tarehe 20 Januari 2020, ulikuja kwa sababu za usalama na utapeli, na sababu hizo zilikuwa za kweli. Lakini ulifanya na jambo lingine ambalo halikuzungumzwa sana: uliimaliza kwa kiasi kikubwa biashara ya kujifanya mgeni. Leo ukipiga *106# unaziona laini zote zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA, na mtandao nao, kwa kuwa ndio uliokusajili, unajua kama umewahi kuingia mlango wake. Kampuni ikapata hakika ya nani mgeni na nani mwenyeji, bila kugharamika kuipata.

Serikali ililiona wapi tatizo la bei? Tarehe 2 Aprili 2021, siku ya Ijumaa Kuu, watu waliamka wakakuta vifurushi vimebadilika, na kwa wengi vimepanda vibaya. Kelele za siku ile zinakumbukwa hadi leo. Kabla jua halijazama agizo lilishatoka kurudisha bei za awali, na Waziri wa Mawasiliano wa wakati huo, Dk. Faustine Ndugulile, akawa na sikukuu ya kujibu maswali. La kusikitisha ni kwamba kanuni ndogo za TCRA zilizotangulia siku ile zilikuwa na mambo mazuri, kama mteja kupewa taarifa bando linapofika asilimia 75 na linapokwisha, na kuruhusiwa kumgawia mwingine sehemu ya bando lake. Hasira ya bei ikafunika yote.

Mjadala wa tangu siku hiyo umekuwa wa bei kwa ujumla: imepanda, imeshuka, tuko wapi tukilinganishwa na Kenya na Uganda. Mwaka 2022 ulipoibuka tena, kiwango kilichotajwa kila mahali kilikuwa kile cha TCRA cha kati ya Sh 2.03 na Sh 9.35 kwa MB moja. Hebu kipigie hesabu. GB moja kwa bei ya chini ni karibu Sh 2,080, kwa bei ya juu ni karibu Sh 9,570. Ndani ya uwanja mpana kiasi hicho kampuni inaweza kumpa mgeni bei ya chini na mwenyeji bei mara nne yake, na isivunje kiwango hicho hata kidogo. Msimamizi anaangalia sakafu na dari. Namna wateja wanavyopangwa kati ya sakafu na dari haijawa ajenda ya mtu.

Yote hayo ni kwenye simu, ambako bado tuna ujanja. Nyumbani hali ni nyingine, na hapa ndipo Mapinga inapoonyesha jambo lenyewe. Rauta ya 4G au 5G inalipiwa kwa mwezi, na inayouzwa na mtandao mara nyingi imefungwa isikubali laini ya mtandao mwingine. Kwenye karatasi mwenye nyumba anachagua kati ya mitandao mitano. Kwenye paa lake anachagua kati ya miwili, pengine mmoja, kwa kuwa mawimbi hayajali mabango. Nyumba ya juu karibu na lami inapata vizuri. Ya bondeni nyuma ya mikorosho, yenye kuta za tofali nene na madirisha yaliyotazama upande usio na mnara, inashika mtandao mmoja tu, tena rauta ikiwekwa juu ya kabati la chumba cha watoto. Mtu wa nyumba hiyo hana pa kuhamia. Kama bei ya kuendelea inafuata uwezo wa kuondoka, wake ni sifuri.

Tuchukue hesabu ya kubuni. Mwenyeji alinunua rauta kwa Sh 150,000 na analipa Sh 70,000 kwa mwezi. Kwa miaka miwili ametoa Sh 1,830,000. Jirani yake amekuja wakati wa ofa, akapewa rauta bure na mwezi wa kwanza bure, na kwa muda kama huo atalipa Sh 1,610,000. Tofauti ni Sh 220,000, si haba, ila walau inahesabika. Isiyohesabika ni kasi. Kifurushi kipya kilichokuja na ofa kinaweza kuwa na kasi mara mbili kwa bei ile ile, na mwenyeji hajahamishwa kwa kuwa hakuna aliyemwambia kipo. Mfumo unamkata Sh 70,000 kila mwezi kwa kifurushi ambacho hakiuzwi tena. Hajapandishiwa bei hata shilingi, kwa hiyo hajapata SMS wala sababu ya kulalamika. Mtu anaweza kukaa hivyo miaka.

Halafu lipo la msongamano, ambalo wachambuzi wa bei hulisahau. Mnara una uwezo wake. Kila mgeni anayeingia kwa ofa anagawana mawimbi na waliotangulia, na wa kwanza kujua ni mwenyeji anapoona video inazunguka saa mbili usiku. Kenya wameliona hili kwa ukubwa wake. Starlink, kampuni ya intaneti ya satelaiti, waliingia nchini humo Julai 2023 na kifaa cha KSh 89,000, kisha bei ya kifaa ikashushwa sana, na njia ya kukikodisha ikaongezwa. Watu wakajaa. Novemba 2024 kampuni ikasimamisha kupokea wateja wapya Nairobi na maeneo ya jirani kwa kuwa uwezo ulikuwa umekwisha. Waliolipa bei kubwa ya mwanzo walijikuta wanagawana anga na waliokuja kwa bei ndogo. Walilipa mara mbili, kwa fedha na kwa kasi.

Lakini kisa hicho hicho kina upande wa pili, na ndio unaonivutia zaidi. Safaricom, baada ya kumwandikia msimamizi wa Kenya Julai 2024 kulalamikia leseni za satelaiti, Septemba mwaka huo waliongeza kasi ya faiba ya nyumbani bila kupandisha bei: aliyekuwa na Mbps 10 akapata 15, wa 40 akapata 80, wa 100 akapata 500. Na waliopata ni pamoja na waliokuwepo. Wateja wale hawakuwa waaminifu zaidi Septemba kuliko walivyokuwa Juni. Kilichobadilika ni kwamba mlango wa kutokea ulionekana.

Kwetu mlango huo upo kisheria tangu Machi 2017, iliporuhusiwa kuhama mtandao na namba yako. Unakwenda kwa wakala wa mtandao unaouhamia, unatuma neno HAMA, na namba yako inakufuata. Ni wachache wanaoutumia. Kenya walianza Aprili 2011 na nao waliona mwitikio hafifu. Sababu ni kwamba namba inahama lakini fedha hazihami nayo. Pochi ya simu inabaki kule, inabidi uitoe yote kwanza, na historia yako ya kukopa inabaki pia. Mtu aliyeanza na kikomo kidogo cha Songesha, mkopo wa M-Pesa, na kukipandisha taratibu kwa kulipa kwa wakati hawezi kukibeba kikomo hicho. Hapa, kwa haki, tukubali kwamba mwenyeji ana faida moja mgeni hana: anaaminiwa mkopo. Ila faida hiyo ni sehemu ya kinachomfunga. Maelewano ya mwaka 2014 ya kutumiana fedha kati ya mtandao na mtandao yalilegeza kamba moja. Ya mikopo imebaki imekaza.

Watu wa kawaida wametafuta njia yao. Wametenganisha namba na bando. Kuna laini ya namba, ile yenye M-Pesa na WhatsApp, inayojulikana na shangazi wa Tanga na wateja wa vitenge, na kuna laini ya bando, inayobadilishwa kadiri upepo wa ofa unavyovuma. Simu yenyewe imeshahamia kwenye intaneti, mazungumzo marefu ni ya WhatsApp, kwa hiyo haijalishi dakika ni za nani. Ujanja huu unafanya kazi kwa simu ya mfukoni. Kwa rauta iliyofungwa, katika nyumba inayoshika mnara mmoja, haufanyi.

Uingereza ndiko suala hili lilikofikishwa mbali. Septemba 2018 shirika la Citizens Advice lilipeleka malalamiko rasmi kwa mamlaka ya ushindani, likisema wateja wa muda mrefu katika masoko matano, simu na intaneti ya nyumbani yakiwemo, wanalipa zaidi ya pauni bilioni 4 kwa mwaka kuliko wageni. Wasimamizi walioyafuatilia walichukua njia mbili tofauti. Kwenye bima ya nyumba na gari, tangu tarehe 1 Januari 2022, kampuni imekatazwa kumtoza anayehuisha bima zaidi kuliko ambavyo ingemtoza mgeni wa hali ile ile. Kwenye intaneti na simu hawakukataza. Tangu Februari 2020 kampuni inalazimika kumwandikia mteja mkataba wake unapokaribia kwisha na kumweleza bei nzuri ilizonazo, zikiwemo zile anazopewa mgeni.

Marufuku inavutia, na watu wengi wa Mapinga wangeipigia makofi. Mimi siiungi mkono kwa soko letu. Kampuni ikilazimishwa bei moja kwa wote, njia rahisi kwake ni kuifuta ofa ya mgeni badala ya kumshushia mwenyeji. Wasimamizi wa bima wa Uingereza wenyewe walikubali kwamba wapo watakaolipa zaidi. Tena ofa ya mgeni ndiyo njia pekee ya mtandao mdogo kumng'oa mtu kwa mtandao mkubwa. Halotel walipoingia Oktoba 2015 wasingepata mtu kwa bei sawa na za wenyeji wa soko. Ukiua ofa ya kuingilia unawalinda wakubwa.

Njia ya pili ndiyo inayotufaa, na haihitaji sheria mpya, kanuni ndogo za vifurushi zinatosha kuongezwa kipengele. Tayari tunapata SMS bando likifika asilimia 75. Mwenye rauta apate moja kila baada ya miezi sita, kwa Kiswahili cha watu: unalipa kiasi hiki kwa kasi hii, mgeni wa leo katika mnara wako anapewa hivi, ukitaka kuhamia bonyeza 1. Iende na sharti la pili, kwamba rauta iliyolipiwa yote ifunguliwe bila malipo mwenyewe akiomba. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano lipo kwa kazi za namna hii, na malalamiko ya Aprili 2021 yalionyesha kwamba serikali ikitaka inasikia kwa saa chache.

Mpaka hapo, wa nyumba ya bondeni ana njia moja niliyowahi kuisikia ikifanya kazi katika mitaa ya huku, nayo ni kutokwenda peke yake. Nyumba kumi na mbili zenye rauta za mtandao mmoja, zikiwa na barua moja iliyopigwa muhuri wa serikali ya mtaa, ni wateja ambao kuondoka kwao kunauma, na ofisi ya mauzo ya mkoa hupokea simu ya mwenyekiti wa mtaa haraka kuliko inavyopokelewa simu ya mteja mmoja kwenye huduma kwa wateja. Mtandao mwingine nao, ukioneshwa orodha ya nyumba kumi na mbili zinazosubiri, una sababu ya kutuma fundi apime mawimbi bondeni.